Siti ya bodaboda hufia kwenye mshono

Mvua ikikatika Kasulu mjini, madereva wa bodaboda huanza kwa kufuta siti. Kitambaa huchomolewa kilikofichwa, kava likafutwa mara mbili tatu, likang'aa, abiria akaitwa. Abiria akikaa kwa uzito wake wote, maji hupanda kutoka ndani na kumlowanisha kana kwamba hakuna aliyefuta chochote. Hapo lawama huanza kutembea. Abiria humlaumu dereva, dereva humlaumu fundi aliyeshona siti, fundi naye humtupia mwenye duka aliyemuuzia leza, ile ngozi bandia ya kava.

Wote hao wanalitazama kava. Maji yale yameingia kupitia matundu ya sindano, yakanywewa na sponji, yakakosa pa kutokea chini. Kava lenyewe huenda likawa zima kabisa. Katika wilaya hizi za nyanda za juu za Kigoma, siti nyingi zinazotupwa hazikuharibikia juu, na mwenye pikipiki anayechagua kava kwa rangi na mng'ao analipia kitu ambacho hakitamwokoa.

Jambo hili lina uzito wake hapa. Kutoka vijiji vya Kibondo hadi kituo cha afya, kutoka mashamba ya Kasulu hadi gulioni, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, lori la maharage na teksi ya mwalimu. Dereva hukaa juu ya ile siti tangu alfajiri hadi usiku. Kiuno chake kinaitegemea kama mkulima anavyotegemea mpini wa jembe.

Kwanza tutazame mahali penyewe, maana siti haiharibiki kwa namna moja kila nchi. Kasulu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na Kibondo iko juu zaidi. Miji yote miwili iko chini ya nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mionzi ya jua ya urujuanimno huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo pikipiki iliyoegeshwa juani Kibondo inapigwa na mionzi mikali kuliko ile ya Dar es Salaam, hata kama hewa ya Kibondo ni baridi na mtu halisikii jua lile mwilini. Baridi hii huwadanganya wengi. Joto si kipimo cha jua linalokula plastiki.

Kisha kuna mvua. Huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuendelea hadi mwezi wa nne au wa tano, zaidi ya nusu ya mwaka ukihesabu na siku za mawingu. Kiangazi kinachofuata huleta vumbi jekundu, ambalo ndani yake mna chembe za mchanga mgumu. Chembe hizo hukaa juu ya siti, abiria anapanda na kushuka, suruali inazisugua, na kila msuguano unakwangua ngozi ya juu kidogo. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 260 na iliyopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imekusudiwa kuwapunguzia watu wa huku vumbi hilo kwa lami. Lakini bodaboda haiishi barabara kuu. Inaishi kwenye njia za vijijini, na huko vumbi liko palepale.

Tuje kwenye leza. Nyingi ya ile inayouzwa kwa mita, roli yenye upana wa takriban mita 1.4, ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, iliyopakwa juu ya kitambaa. PVC kwa asili yake ni ngumu na hukatika. Mwaka 1926 mkemia wa Marekani Waldo Semon, akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich mjini Akron, aliona kuwa ikipikwa na vimiminika fulani hulainika na kunyumbuka kama mpira. Vimiminika hivyo, yaani vilainishi, ndivyo vinavyoifanya leza iwe laini mkononi, na siri yote ya umri wake iko hapo, kwa sababu havijafungamana na plastiki moja kwa moja. Vinakaa katikati yake tu. Jua linavitoa polepole, joto linavitoa, mafuta yanavitoa. Vikiisha, leza inarudi kwenye asili yake: inakauka, inasinyaa, inapasuka penye mkunjo.

Mkoa wa Kigoma una adui wake wa pekee katika habari hii, nao ni mawese. Dumu la mawese likifungwa nyuma ya dereva, likavuja kidogo njia nzima, mafuta yale yanafyonza kilainishi kutoka ndani ya leza. Baada ya miezi unaona sehemu ya nyuma ya siti imekuwa ngumu na kupasuka, huku ya mbele bado laini, na watu wanasema mzigo ndio ulioipasua. Mzigo una sehemu yake, lakini mafuta yalitangulia. Dereva anayebeba mawese afute siti siku hiyohiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Asifute kwa petroli. Petroli huondoa uchafu upesi na kuchukua kilainishi pamoja nao.

Ipo leza ya aina nyingine, iliyopakwa poliyurethani. Hii ni laini zaidi, nyepesi, na kwa macho inakaribia ngozi ya ng'ombe. Mteja akishika zote mbili, mara nyingi huchagua hii. Kwa sofa la sebuleni katika nyumba kavu inafaa. Kwa pikipiki ya Kasulu siipendekezi, isipokuwa muuzaji awe na hakika imetengenezwa kwa matumizi ya nje. Aina nyingi za bei nafuu huvunjwavunjwa na unyevu wenyewe: maji ya hewani yanakata minyororo ya plastiki hadi ngozi ya juu inabanduka vipande vipande, na kitambaa cha chini kinabaki uchi. Yeyote aliyenunua pochi au viatu vya mtumba vikaanza kumenyeka wakati vikiwa kabatini ameshaliona jambo hili. Havikuchakazwa na matumizi. Viliharibika vikiwa vimekaa.

Ngozi halisi ya ng'ombe, ambayo wengine huifikiria kuwa mfalme wa vitu vyote, haifai kwa siti inayolala mvuani. Hunywa maji, huota ukungu, ikikauka upesi juani inakakamaa, na bila kupakwa mafuta mara kwa mara hupasuka. Turubai nalo lina historia ndefu katika wilaya hizi. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo, na baadaye Warundi walipoingia kwa wingi mwaka 2015 na kujaa hadi kambi ya Nduta kule Kibondo, macho ya watu wa huku yamezoea kuona jinsi turubai la plastiki linavyostahimili jua na mvua miaka na miaka. Turubai la misaada ya dharura limefumwa kwa nyuzi za polithini na kupakwa plastiki pande zote mbili, likiwa na dawa ya kuzuia jua. Kama paa, ni kitu imara. Kama kava la siti halikubali kuvutwa likashika umbo la mviringo, linajikunja pembeni, na penye mkunjo ndipo linapokatikia. Kila kitu kina kazi yake.

Basi kwa bodaboda tunabaki na PVC, na PVC hazilingani. Zipo njia za kuipima dukani bila mashine yoyote. Ikunje leza uso ukiwa nje, bana mkunjo kwa ukucha, kisha ifungue. Ukiona mstari mweupe uliobaki, ujue imejazwa unga mwingi wa chokaa ili kupunguza gharama, nayo itapasuka mapema. Kisha igeuze. Watu hawageuzi, na upande wa nyuma ndio unaosema zaidi. Ukikuta kitambaa kilichofumwa kwa mtindo wa fulana, kinachovutika kwa urefu na kwa upana, hiyo itakaa vizuri kwenye mviringo wa siti na kurudi mahali pake kila abiria anaposhuka. Ukikuta nyuzi zilizoshindiliwa tu kama pamba ya kufungashia, bila kufumwa, iache: tundu dogo la sindano likivutwa linakuwa mpasuko. Vuta pembe ya kipande kwa mikono miwili, taratibu, uone kama uso unaachana na kitambaa.

Viwandani wana vipimo vyao vya msuguano. Kimoja kinaitwa Martindale, kingine Wyzenbeek, na vyote viwili husugua kipande cha kitambaa maelfu ya mara hadi kionyeshe uchakavu. Leza za biashara hutangazwa kuwa zimefikisha misuguano 100,000 na zaidi. Nambari hiyo inavutia, lakini watengenezaji wa vitambaa vya biashara wa Marekani wenyewe wanakiri kuwa ukishavuka 100,000, kuongeza nambari hakuongezi umri wa kiti. Na kipimo hicho hufanywa ndani, mahali pakavu, bila jua la Kibondo, bila vumbi jekundu, bila mawese. Kinapima aina moja ya kifo, na siti za huku hufa kwa aina nyingine.

Kifo chenyewe ndicho hiki cha mshono.

Fundi mwenye haraka hutumia uzi alio nao. Ukiwa wa pamba, mvua za msimu mmoja zinatosha kuuozesha. Uzi wa nailoni, ndugu wa ule wa kushonea nyavu, una nguvu sana siku ya kwanza na huvutika bila kukatika, ndiyo maana mafundi wanaupenda, lakini jua huudhoofisha upesi. Polyesta hulivumilia jua muda mrefu zaidi. Kwa siti inayolala nje, polyesta nene ndiyo chaguo langu, hata kama nailoni inashinda kwa nguvu ikiwa mpya. Tofauti ya bei kati ya nyuzi hizi, kwa siti moja, ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya leza na ufundi. Hata hivyo ni mteja gani aliyewahi kumuuliza fundi anatumia uzi gani?

Halafu kuna umbali wa tundu hadi tundu. Mshono wenye hatua fupi unapendeza, unaonekana wa kiwandani, na mteja huusifu. Kwenye kitambaa cha shati ungekuwa imara. Kwenye leza kila tundu ni jeraha la kudumu, maana plastiki haijifungi kama nyuzi zinavyosogeleana. Matundu yakikaribiana sana yanageuka mstari wa kuchania, kama ule wa kwenye stempu. Hatua ya milimita 4 hadi 5 inatosha. Na sindano ya ncha ya kisu, inayotengenezwa kwa ajili ya ngozi halisi, hukata nyuzi za kitambaa cha chini. Kwa leza ya kitambaa, ncha ya mviringo ni salama zaidi.

Pia mahali pa mshono. Mapambo ya mistari na maua katikati ya siti, jina la timu, namba ya bahati, yote hayo yakishonwa pale abiria anapokalia, fundi amechimba visima mia vya kuingizia maji. Kava nyingi za kiwandani zina mistari iliyogandamizwa kwa joto, bila tundu hata moja, na ndiyo sababu hazivuji mwanzoni. Sisemi watu waache urembo. Vijana wa Kasulu wanazipenda pikipiki zao na wana haki ya kuzipamba. Urembo uwekwe ubavuni, juu paachwe patupu.

Hapa ndipo Ziwa Tanganyika linapotufaa. Watu wa Kasulu na Kibondo huteremka Kigoma mjini kwa shughuli zao, na baadhi huendelea kwa maji kutokea Kibirizi. Boti nyingi za mbao zinazobeba abiria kando ya Tanganyika zina mbao za kukalia tu, na mbao haina tabu. Lakini boti za mwendo kasi, zile zinazowapeleka wageni Gombe na Mahale, zina viti vya kuwekewa sponji, na waundaji wa viti vya boti duniani kote walishaikubali hoja moja ambayo sisi wa bara bado tunapigana nayo: maji yataingia. Kazi ya fundi wa boti ni kuyatafutia njia ya kutoka.

Kwa hiyo chini ya kiti cha boti huwa kuna matundu. Sponji yake, kwenye boti za gharama, ni ya aina ambayo kuta za vijumba vyake zimeondolewa kiwandani ikabaki mifupa mitupu, na maji hupita humo moja kwa moja. Pini zake ni za chuma kisichoshika kutu, au za mchanganyiko wa nikeli na shaba. Leza yake ina dawa ya ukungu na ya jua. Na mwenye boti hukifunika kiti kinapolala. Tanganyika ni ziwa la maji baridi, hakuna chumvi ya Zanzibar hapo, kwa hiyo boti ya Kigoma inasumbuliwa na mambo mawili makuu, jua kali na maji safi. Ni mambo yaleyale yanayoisumbua bodaboda ya Kibondo. Fundi wa bara ana mengi ya kuchukua kwa fundi wa ziwani.

Ziwa hilohilo lina kisa kinachostahili kukumbukwa katika habari ya kudumu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya. Miaka mingi ndani ya maji, ikaokolewa na kazi iliyofanywa mahali ambapo abiria hafiki.

Sponji ya bodaboda inahitaji mafundi wa moyo huo. Ile iliyotoka kiwandani na pikipiki huwa imemiminwa katika umbo lake, nzito, na kwa kawaida mita moja ya ujazo ina kilo 50 hivi au zaidi. Ikishabonyea, fundi hujazia vipande vya godoro. Godoro la bei ya chini huwa na uzito usiofika hata nusu ya huo. Siku ya kwanza siti inakuwa laini, dereva anafurahi. Wiki chache baadaye anakalia bati. Na sponji nyepesi ikibonyea, kava lililokuwa limevutwa vizuri linalegea, linakunja makunyanzi, makunyanzi yanashika vumbi na maji, na leza nzuri inapasuka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mtu aliyelipia leza ya juu na sponji ya godoro bovu ametupa fedha ya leza.

Kuipima si vigumu. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10, yaani lita moja kamili, kipime kwenye mizani ndogo. Idadi ya gramu utakayopata ndiyo idadi ya kilo kwa mita ya ujazo. Gramu 18 ni godoro dhaifu. Gramu 40 na kuendelea ni siti. Fundi anayeweka vipande viwili vya aina hii mbele ya mteja, kimoja cha gramu chache na kingine kizito, hahitaji maneno mengi kueleza kwa nini bei zinatofautiana.

Kati ya sponji na kava, wekeni karatasi ya plastiki. Mafundi wengine wanafanya hivyo tayari, na wanastahili sifa, ila wengi wao hukosea mwishoni: wanaifunga sponji pande zote kama kifurushi. Hewa inakosa pa kutokea, siti inajaa kama puto mtu akikaa, na jasho la ndani halikauki. Plastiki ifunike juu na kushuka ubavuni, chini pawe wazi. Maji yakipita kwenye mshono yatateleza juu ya plastiki hiyo hadi ukingoni na kudondoka. Na yale matundu madogo ya kwenye bati au plastiki ya chini ya siti, yasizibwe kwa gundi. Hayakuwekwa kwa bahati mbaya.

Inabaki habari ya nani analipa. Madereva wengi wako kwenye mkataba: pikipiki ni ya tajiri, hesabu hupelekwa kila wiki au kila siku hadi muda utimie. Siti ikiharibika, tajiri anasema ni uzembe wa dereva, dereva anasema chombo si chake bado. Matokeo yake hununuliwa kilicho rahisi, na baada ya msimu hununuliwa tena. Ningependa mikataba hiyo iitaje siti kwa jina, kama inavyotaja tairi na betri, na iseme gharama ya siti inagawanywa vipi. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Kasulu na Kibondo viko jirani na mafundi hawa, na somo la wiki chache juu ya leza, uzi na sponji lisingehitaji karakana mpya.

Na unapoipeleka siti yako kwa fundi, usimwachie ukaondoka. Subiri avue kava la zamani, ulione kwa ndani. Ukikuta sponji imelowa upande mmoja tu, fuata unyevu ule juu hadi kwenye mshono uliouingiza, umwonyeshe, na umwombe kava jipya lisiwe na mshono mahali hapo.